Upandishaji wa shinikizo la bomba la gesi

Upandishaji wa shinikizo ni utaratibu wa kuongeza kiwango cha juu cha shinikizo kinachoruhusiwa katika bomba la gesi ambalo tayari linatumika. Nchini Marekani, kanuni za shirikisho humtaka mwendeshaji aandae mpango wa maandishi na apitie historia ya bomba. Kisha shinikizo hupandishwa hatua kwa hatua. Katika kila hatua shinikizo husimamishwa hadi sehemu yote ya bomba inayohusika ikaguliwe, na uvujaji wa hatari huzibwa kabla ya kuendelea.

Kumbukumbu ni nguzo ya kazi hii. Bomba lililopasuka San Bruno, California, mwaka 2010 na kuua watu 8, liliandikwa katika kumbukumbu kuwa halina mshono, kumbe lilikuwa na mshono mbovu wa kulehemu.