Jumamosi Uhura Aliposhika Usukani

Jumamosi asubuhi, tarehe 29 Septemba 1973, watoto wa Marekani waliofungua NBC kutazama katuni waliona kitu ambacho Star Trek yenyewe, ile ya waigizaji wa damu na nyama, haikuwahi kuonyesha kwa misimu mitatu mizima. Luteni Uhura alitangaza kwamba kuanzia sasa, amri ya meli iko mikononi mwake.

Tuanze na jina, maana jina ni letu. Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia mara nyingi kwamba alipoenda kwenye usaili alikuwa amebeba riwaya iitwayo Uhuru. Mtunzi wa kipindi, Gene Roddenberry, akalipenda neno hilo, wakalilainisha mwishoni likawa Uhura. Sawa. Lakini kitabu chenyewe kilikuwa cha Robert Ruark, Mmarekani mwindaji aliyeandika kuhusu Kenya ya Mau Mau na ya kuelekea 1963 kwa jicho la rafiki wa walowezi. Yaani neno ambalo watu walifia msituni lilifika Hollywood likiwa limebebwa mgongoni na mtu ambaye hakulitakia mema. Kisha likapewa mwanamke Mweusi, likawekwa angani. Historia wakati mwingine ina ucheshi wake, manze.

Star Trek ilirushwa kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969. Uhura alikuwa afisa wa mawasiliano. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo: mwanamke Mweusi mwenye cheo, asiye yaya wala mpishi wa mtu, ndani ya runinga ya Marekani. Alipotaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, ni Martin Luther King aliyemsihi abaki. Hata Kiswahili tulikisikia pale, kidogo, japo usitarajie Kiswahili cha Lamu.

Ila ukikaa na episodi zote 79, unaanza kuhesabu. Kapteni Kirk akishuka kwenye sayari, Spock anachukua meli. Spock akishuka pia, anachukua Scotty. Scotty asipokuwepo, kuna Sulu. Kuna hadi DeSalle, jamaa ambaye nusu ya mashabiki hawamkumbuki. Uhura, ambaye kiti chake kiko hatua chache tu kutoka cha nahodha, hapewi. Kazi yake ni kupokea simu.

Mwaka wa 1973 kampuni ya Filmation ikaifufua Star Trek kama katuni, na bajeti ilikuwa finyu. Walter Koenig, aliyeigiza Chekov, aliachwa nje. Mpango wa mwanzo ulikuwa kuwaacha pia Nichols na George Takei, sauti zao zifanywe na wenzao waliokwisha kuajiriwa. Leonard Nimoy ndiye aliyekataa. Alisema bila hao wawili, Spock pia hayupo. Studio ikasalimu amri. Kwa hiyo elewa: Uhura wa katuni nusura asemewe na mtu mwingine, kabla ya kupewa meli.

Episodi yenyewe inaitwa The Lorelei Signal, na iliandikwa na Margaret Armen. Meli zimekuwa zikipotea katika eneo moja la anga kila baada ya miaka 27 na ushee. Enterprise inakwenda kuchunguza, na wanaume wote ndani yake wanaanza kusikia wimbo fulani, macho yanalegea, wanacheka ovyo. Kirk, Spock na daktari McCoy wanashuka kwa wanawake warembo wanaowavika tepe za kichwani, kumbe tepe zinawanyonya uhai. Wanazeeka miaka kumi kila siku inayopita. Huku juu, Scotty ameketi anaimba.

Hapo ndipo Uhura anaposimama. Hapigi kelele. Anaona mambo yanavyokwenda, anamshauri muuguzi Chapel, anamwondoa Scotty kwenye amri, kisha anashuka na kikosi cha walinzi wanawake watupu. Uzuri wa katuni ni kwamba kikosi hicho hakikuhitaji mavazi wala mishahara. Sauti za wanawake walizigawana Nichols na Majel Barrett, basi.

Sitadai kwamba hadithi haina kasoro. Maadui ni wanawake, mtego ni urembo, na Uhura anapata meli kwa sababu moja tu: kila mwanaume aliyekuwemo amerukwa na akili. Ilibidi meli nzima iugue kwanza ili afisa aliye zamu, mwenye cheo, mwenye akili timamu, aruhusiwe kufanya kazi aliyosomea. Niliirudia mara tatu, na kila mara kinachonishika ni jinsi anavyotoa amri kwa haraka, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno hayo kwa miaka saba.

Na sisi wenye neno tulikuwa wapi? Septemba 1973 Kenya ilikuwa inaelekea kusherehekea miaka kumi ya uhuru. Grace Onyango, aliyekuwa meya wa Kisumu, alikuwa ameingia bungeni mwaka wa 1969, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa huko. Katika baraza la mawaziri hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Wala hakuna aliyerukwa na akili, mambo yalikuwa yakienda kawaida kabisa. Waziri wa kwanza mwanamke, Nyiva Mwendwa, aliteuliwa 1995. Kwa kalenda ya katuni, hiyo ni miaka 22 baada ya ile Jumamosi.

Mwisho wa episodi, wanaume wanapitishwa kwenye mtambo wa meli na ujana wao unarudi, bila hata mvi moja. Kirk anarudi kwenye kiti chake. Uhura anarudi kwenye simu.