Templeti Inayokula Jina la Cucu

Chukua programu ya mazishi iliyochapwa Nyeri, Karatina ama Mũrang'a, kisha uangalie jina la marehemu. Mara ũ imenenepa kuliko herufi jirani, mara kuna kiboksi kitupu, mara ile alama ya juu haipo kabisa. Watu humlaumu jamaa wa saiba. Mimi naona hii stori ni ya kitambo, imeanza hata kabla ya kompyuta.

Gĩkũyũ ina vokali saba, na alfabeti ya wamisheni ilikuja na tano. Ndio maana mbili zilivalishwa wimbi juu: ĩ na ũ. Si urembo, wasee. Gũtuma ni kushona, gũtũma ni kutuma. Kamusi ya Benson ya 1964 inazo, na Ngũgĩ wa Thiong'o hakuziacha alipotoa Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka wa 1980. Shida ilikuwa mashine. Taipureta ya Kiingereza haikuwa na hizo herufi. Halafu 1987 ikaja seti ya herufi za kompyuta, ISO 8859-1. Ilikuwa na ñ ya Kihispania, ikawa na ã na õ za Kireno. Ĩ na ũ? Zilibaki nje. Yaani wimbi walilijua vizuri, ila si juu ya vokali zetu.

Unicode ilizichukua zote mbili 1991, na Microsoft Word ikaanza kutumia Unicode na toleo la 97. Kwa hivyo kutoka hapo kompyuta haina kisingizio. Anayebaki kizimbani ni templeti, au kiolezo kama kamusi inavyotaka tuseme.

Templeti nyingi za mazishi zimerithiwa kutoka flashi hadi flashi, na zimejaa fonti za maua maua. Fonti kama hiyo ikikosa ũ, Word inaazima ũ ya fonti nyingine, ndio unaona moja imenenepa. Ukirekebisha herufi moja moja utakesha, kwa sababu fonti inatoka kwa staili iliyo ndani ya templeti. Badilisha staili yenyewe, uweke fonti iliyo na hizo herufi. Times New Roman inazo, hata kama haina maua. Kama kibodi inakusumbua, kwenye Word ya Windows andika 0169 kisha ubonyeze Alt na X, upate ũ. 0129 inakupa ĩ. Kubwa zake ni 0168 na 0128.

Na kama kila dokumenti mpya inafunguka na fonti ya ajabu, funga Word, tafuta faili inayoitwa Normal.dotm, uipe jina lingine. Word itajitengenezea safi.

Nasumbuka hivi kwa sababu cucu wengi wa huku hawajawahi kuandikwa popote pengine. Kitambulisho kilikata alama, cheti cha ubatizo kikakata, na ile programu ya kurasa nane ndiyo wasifu pekee utakaobaki kwa droo ya nyumbani.

Ukimaliza kusafisha, futa jina na picha, uhifadhi kama .dotx, si .docx. Mtu akiibonyeza mara mbili, Word itamfungulia nakala mpya, na familia itakayofuata haitakuta tarehe za cucu wako kwa ukurasa wa tatu.