Vifaru Kabla ya Vifaru

Mashuuru imekaa kati ya reli mbili: mashariki iko Sultan Hamud, kwenye reli ya Mombasa, magharibi iko Kajiado, kwenye tawi la Magadi. Anayetaka kujua vita vya deraya vilifikaje pande hizi aanze na reli, maana ndizo zilizogombewa.

Novemba 3, 1914, Jenerali J. M. Stewart wa Waingereza aliongoza askari wa Kihindi kuipiga Longido ya Wajerumani, ng'ambo ya mpaka. Wakaambulia risasi na kiu, wakarudi. Mwaka 1915 ikawa zamu ya Wajerumani na askari wao kukatiza nyika kutoka Kilimanjaro kwa miguu, wakatega baruti relini usiku. Vifaru waliokutana nao njiani walikuwa wa pembe na ngozi.

Vya chuma vilikuja vikiwa magari ya Rolls-Royce yaliyovikwa deraya, bombomu juu kwenye kichwa kinachozunguka. Februari 12, 1916 yalikuwa Salaita, karibu na Taveta. Yalifyatua, yakazunguka, na kilima hakikutwaliwa. Machi 5 Stewart aliondoka tena Longido; mkuu wake, Jenerali Smuts, akamwona mzito, akamwondoa, akaishia Aden. Kisha ikanyesha. Gari la deraya katika udongo wetu mweusi ni jiwe tu, na chakula cha jeshi kikaishia vichwani mwa wapagazi, wale walioachia mtaa wa Kariokor jina lake.

Kama ni lazima tuwe na jenerali wa vifaru, basi namtaja Alan Cunningham, ingawa alikuwa mtu wa mizinga. Alishika amri Nairobi mwishoni mwa 1940, katika vita vya pili, dhidi ya Waitalia. Desemba 16 vikosi vyake vya Afrika Kusini viliipiga El Wak vikiwa na vifaru vyepesi na magari ya deraya; Februari 25, 1941 Mogadishu ikaanguka, Aprili 6 Addis Ababa. Nyika ilikuwa kavu, hilo lisisahaulike. Sifa hizo zikampandisha hadi Jeshi la Nane, Afrika Kaskazini. Huko alikutana na vifaru vya Rommel: mapigano yalianza Novemba 18, na tarehe 26 alikuwa ameshavuliwa amri.

Udongo mweusi bado ni uleule: Aprili iliyopita lori la mbuzi lilizama njia ya Sultan Hamud. Vijana walikata matawi ya mgunga, wakayalaza chini ya magurudumu, dereva akanguruma, tope likawarukia usoni. Mzee mmoja aliyesimama kando na fimbo yake akasubiri wachoke.

"Shusheni mbuzi kwanza," akasema.