Urithi wa uhandisi Tanzania

Urithi wa uhandisi Tanzania ni majengo, mitambo, michoro na ujuzi unaoonyesha jinsi nchi ilivyojengwa. Mfano mmoja ni soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, maarufu kwa paa lake la miavuli ya zege. Liliungua Julai 2021. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863, hivyo ulinzi huo hauligusi soko hilo wala Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa 1905. Waziri husika anaweza kutangaza vitu vya baadaye vilindwe, lakini ni vyema mtu aeleze kwanza thamani ya kiufundi ya vitu hivyo. Kazi hiyo inakifaa chama cha kitaaluma, kama Taasisi ya Wahandisi Tanzania. Hoja kwamba uhifadhi huzuia maendeleo haitoshi: michoro na vipimo huhifadhika hata jengo likibadilishwa.