Kuchoma na Kubanika: Habari za Nyama na Moshi katika Lubumbashi

Huku Makomeno, mtaa mmoja wa Lubumbashi, mtu akitaja nyama ya motoni twawaza mara michopo: nyama ya mbuzi iliyokatwa vipande, ikachomwa juu ya makala, ikaletwa pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili. Ni chakula kizuri, sina neno juu yake. Lakini wazee wetu walijua kazi mbili za moto, wala hawakuzichanganya. Ya kwanza ni kuchoma, yaani kuivisha nyama upesi ili iliwe papo hapo. Ya pili ni kubanika, yaani kuitandaza juu ya moto mdogo wenye moshi, mchana na usiku, labda siku mbili au tatu, mpaka maji yake yaishe na iweze kukaa bila kuoza. Mji wetu umeishika sana kazi ya kwanza. Ya pili umekaribia kuisahau, na yafaa tuulize kwa nini.

Tuanze na nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya misitu ya Katanga ina mbung'o, yule inzi aletaye ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kwa hiyo wazee wa huku hawakufuga ng'ombe wengi kama watu wa Rwanda au wa Barotseland. Nyama yao ilitoka porini, nayo nyama ya porini haiji kidogo kidogo. Leo hakuna kitu. Kesho mwindaji ameua mnyama mkubwa, naye yuko mbali na kwao mwendo wa siku mbili. Afanyeje? Alikata miti mibichi, akajenga uchaga, akaipasua nyama iwe vipande virefu vyembamba, akawasha chini kuni ngumu zisizotoa ndimi za moto. Akirudi kijijini, mzigo ulikuwa mwepesi na nyama ilikuwa salama. Palipopatikana chumvi, kazi ilikuwa bora zaidi, na chumvi ya Mwashya, karibu na mto Lufira, ilikuwa bidhaa ya maana zamani, kabla mfalme Msiri wa Bunkeya hajauawa tarehe 20 Desemba 1891. Watu wa Luapula, wa ziwa Mweru na wa maziwa ya Upemba walibanika samaki wao vivyo hivyo, wakawauza mbali.

Hata neno la Kifaransa tunalolisikia sokoni, "boucané", lina asili ya namna hii. Lilitoka kwa Waindio wa Brazili, ambao uchaga wao wa kubanikia Wafaransa waliuita "boucan". Wawindaji wa kisiwa cha Hispaniola, katika karne ya 17, walibanika nyama hivyo, wakaitwa "boucaniers". Baadaye wengi wao wakawa maharamia wa baharini. Basi mtu asidhani kwamba uchaga ni ushamba wa Afrika peke yake.

Kisha ukaja mji. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910. Na tarehe 30 Juni 1911 tanuri la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Mara watu elfu na elfu walikaa mahali pamoja, na mawindo hayakuweza kuwatosha. Ng'ombe waliletwa kutoka Rhodesia na Barotseland. Lakini mwaka 1915 homa ya mapafu ya ng'ombe ilizuka Barotseland, na njia hiyo ikafungwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mji wa viwanda wategemea afya ya ng'ombe wa nchi nyingine.

Mwanzoni wafanyakazi wengi walikuwa wanaume waliokuja kwa muda tu. Tangu miaka ya 1927 na 1928 kampuni ilibadili desturi, ikataka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto. Posho ikawa jambo la nyumba: unga, maharagwe, mafuta, chumvi, samaki, nyama. Mama aliyepokea nyama ya siku nyingi, naye hana barafu wala kabati la baridi, alikuwa na shida ileile ya mwindaji wa zamani. Jawabu lake likawa lilelile pia: sehemu kidogo chunguni leo, iliyobaki juu ya moshi. Na siku za Ijumaa, Wakatoliki walipojinyima nyama, samaki wa Luapula ndiye aliyeshika zamu. Wagiriki wa Kasenga walimleta katika barafu, lakini aliyebanikwa ndiye aliyeweza kungoja chunguni. Samaki aitwaye mpumbu alivuliwa mno wakati wa kupanda mito kutaga mayai, hata katika miaka ya 1940 akaadimika kabisa. Moshi wahifadhi samaki aliyevuliwa, mtoni haumrudishi.

Sasa tuje kwenye makala. Mji ulipokua, miti ilikwenda mbali, na gunia la makala ni rahisi kubeba kuliko mzigo wa kuni. Mbabula, yaani jiko la bati, ikaingia kila ua. Nadhani watu hawajaliangalia jambo hili vya kutosha: makala ni kuni zilizokwisha kutolewa moshi wake katika tanuri la udongo porini. Yana moto mkali na moshi haba. Yachoma vizuri mno, lakini hayabaniki. Bwawa la Mwadingusha, katika mto uleule wa Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na baada ya miaka mingi mabati ya baridi yakaingia katika nyumba za wenye uwezo. Hivyo uchaga ukakosa moshi, kisha ukakosa na sababu.

Walakini sababu imerudi. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, Gécamines ikadhoofika, posho ikatoweka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa. Umeme nao hukatika, pengine siku nzima, na nyama iliyonunuliwa kwa fedha nyingi huoza ndani ya bati la baridi. Mama mmoja wa mtaa wetu aliponiambia kwamba amejenga uchaga nyuma ya jiko lake, majirani walimcheka. Wiki ile umeme ulipokatika, waliacha kucheka, wakaenda kumwuliza.

Ukitaka kubanika nyumbani, anza na nyama mpya. Iliyoanza kunuka moshi hauiponyi. Toa mafuta, pasua vipande vyembamba, tia chumvi, acha maji yachuruzike. Uchaga uwe juu ya moto kiasi cha kiuno cha mtu, uani, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa ya sumu itokayo katika makaa haina harufu nayo huua watu wakiwa usingizini. Tumia kuni ngumu zilizokauka, si mbao zenye utomvu wala zilizopakwa rangi. Mafuta yasidondoke motoni, kwani moshi wake una vitu vibaya. Wataalamu wa afya wa shirika la dunia la utafiti wa saratani walitangaza mwaka 2015 kwamba nyama iliyotengenezwa kwa chumvi nyingi au kwa moshi, ikiliwa mara kwa mara, huongeza hatari ya saratani ya utumbo. Kwa hiyo iwe akiba, isiwe chakula cha kila siku.

Wengine watasema kwamba kuni za uchaga zitamaliza msitu. Lakini katika tanuri la udongo, kilo moja ya makala hutaka kilo 5 hadi 10 za miti. Anayebanika kwa matawi yaliyoanguka haharibu kuliko yule anayechoma michopo kila jioni.

Nyama ikiisha kukauka hata ivunjike kama ukuni, itie katika kikapu kinachopitisha hewa, ikiningʼinia mbali na panya. Siku ya kuipika, ioshe kwa maji ya moto, iloweke, kisha uichemshe polepole na nyanya na karanga zilizotwangwa. Bukari iwe tayari.