Adhuhuri ya Mombasa na Adhuhuri ya Nairobi

Ukipita Muthurwa au Makongeni, mitaa ya Nairobi iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, jiulize, ewe msomaji: dereva wa gari la moshi aliyelala hapa na mwenzake wa Mombasa walipatanishaje saa zao? Jua halikuwafaa. Mombasa iko mashariki zaidi, hata adhuhuri huifikia dakika 11 hivi kabla ya Nairobi. Na magari mawili yakielekeana katika njia moja, dakika 11 zatosha kuua watu.

Heri yao, reli hiyo, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilifuatana na waya wa simu. Stesheni moja ikitangaza saa, nyingine zote huipokea papo hapo na kurekebisha zao.

Kisha redio ikaondoa haja ya waya. BBC ya London ilianza kupiga milio sita ya saa mwaka 1924, nayo mwaka 1932 ikaanza kutangazia nchi za ng'ambo.

Leo simu yako hupata saa hata kutoka setilaiti, kilomita 20,200 hivi juu. Ishara hukawia njiani sehemu 7 hivi katika 100 za sekunde, nao ukawiaji huo sharti uhesabiwe. Karani wa stesheni hakuhitaji hesabu hiyo, dakika zilimtosha.