Saa Tatu ya Yerusalemu, Saa Tatu ya Morogoro

Simu ikiandika 9:00, hapa Morogoro tunasema saa tatu. Mgeni anatushangaa. Lakini mpe asome Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200, halafu uone nani anahitaji kupiga hesabu.

Mada ya kwanza kabisa humo ni muda. Shema, tamko la kwamba Mungu ni mmoja, jioni ianze kusomwa lini? Jibu: wakati makuhani waliotakasika wanapoingia kula sehemu yao takatifu. Sasa fikiria, Warumi walilichoma Hekalu mwaka 70. Zaidi ya miaka 100 baadaye, sala bado inapimwa kwa chakula cha makuhani wasio na madhabahu! Mimi naona hapo kuna ukaidi wa watu waliopoteza jengo wakakataa kupoteza ratiba yake.

Mwisho wake walibishania. Rabi Eliezer alisema zamu ya kwanza ya usiku ikiisha, basi. Wenzake wakasema usiku wa manane. Gamalieli wa Yavne akasema mpaka alfajiri, na wanawe walipochelewa kurudi kutoka kwenye sherehe bila kusoma, aliwaambia kama hakujapambazuka bado wanawajibika.

Asubuhi walitumia macho: isomwe mtu akiweza kutofautisha buluu na nyeupe. Eliezer aliweka ukomo jua linapochomoza, Rabi Yoshua akasogeza hadi saa tatu, eti ndiyo saa ya watoto wa wafalme kuamka. Saa tatu hiyo ni kama yetu, inahesabiwa tangu mchana unapoanza. Tofauti ni kwamba wao waligawa mchana mafungu 12 hata urefu wake ubadilike, na Yerusalemu mchana wa Juni unafika saa 14, wa Desemba kama 10. Saa moja yao ilivutika kutoka dakika 50 hadi 70. Morogoro, nyuzi 7 kusini mwa ikweta, mchana haubadiliki hata kwa saa nzima mwaka mzima. Tunachopishana nacho ni saa ya serikali: imepangwa kwa longitudo 45, sisi tuko karibu na 38, kwa hiyo jua letu linachelewa kama nusu saa.

Halafu kuna milima. Matombo, mashariki mwa Uluguru, wanalipata jua mapema. Mgeta, upande wa magharibi, mwanga umeshajaa na jua lenyewe bado liko nyuma ya safu. Kwao kipimo cha rangi kingekuwa cha haki zaidi kuliko cha kuchungulia jua.

Ila bila shule ya Hileli haya yote yasingekuwa na maana. Torati inaagiza maneno hayo yasemwe wakati wa kulala na wa kuamka. Shule ya Shamai ilielewa mkao: jioni ulale, asubuhi usimame. Hileli akaelewa muda, kila mtu asome alivyo. Rabi Tarfon alijaribu kulala njiani kama Shamai, akajiweka hatarini kwa wanyang'anyi, na wenzake hawakumhurumia.

Ndiyo maana Mishna inamruhusu kibarua asome akiwa juu ya mti, au juu ya ukuta anaoujenga, bila kushuka.